Ndege Haitoki Leo: Miaka Yangu katika Kampuni Ndogo za Ndege za Kukodi, Maun

Kampuni ndogo ya ndege za kukodi huwa na ndege nne au tano, hanga moja la bati, ofisi yenye dada mmoja anayepanga safari, na mwenye mali ambaye asubuhi anarusha ndege, mchana anabishana na benki, na jioni anapita hangani kuuliza kazi imefikia wapi. Nimefanya kazi ya ufundi katika kampuni mbili za namna hiyo, zote mjini Maun, kaskazini mwa Botswana, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi korona ilipozisimamisha ndege zote. Sitazitaja kwa majina, maana moja ilinifunza kwa njia niliyoichukia na nyingine kwa njia ninayoishukuru hadi leo, na zote mbili zilikuwa za watu wanaojulikana na kila mtu katika mji ule. Ninachotaka kukieleza ni jambo nililoliona likijirudia msimu baada ya msimu: usalama wa kampuni ndogo hautegemei sana ushujaa wa rubani wala ubingwa wa fundi, bali unategemea mtu anayesema "ndege hii haitoki leo" atapoteza nini baada ya kulitamka neno hilo.

Maun iko kando ya mto Thamalakane, mahali ambapo delta ya Okavango inaishia na mchanga wa Kalahari unatamalaki. Maji ya delta hiyo kwa sehemu kubwa hayatokani na mvua za pale. Yanashuka kutoka nyanda za juu za Angola, yanatembea taratibu kwa miezi kadhaa, na yanafika karibu na Maun katikati ya mwaka, wakati nchi nzima imekwisha kukauka. Kwa hiyo delta hujaa wakati wa kiangazi, na ndipo wanyama wanapokusanyika na watalii wanapomiminika. Kambi nyingi ziko visiwani, njia zake ziko chini ya maji, na karibu kila kinachohitajika huko kwa haraka huletwa na ndege ndogo, awe mgeni aliyetoka Ulaya, mpishi anayerudi kazini, muuguzi, au makreti ya nyanya. Safari nyingi ni za dakika 20 au 30 tu. Ndege moja hutua na kuruka mara nyingi kwa siku, leo Xakanaxa na Khwai, kesho Savuti au Shakawe, na kabla ya jua kuzama inatakiwa iwe imekwisha kurudi. Fundi aliyezoea ndege za safari ndefu hushangaa akifika pale, kwa sababu injini huhesabiwa kwa saa, lakini matairi, breki na mguu wa mbele huchakaa kwa idadi ya kutua, na Maun kutua ni kwingi kuliko saa.

Mimi nilianzia hangani Arusha, nikiwashikia wenzangu tochi na kusafisha plagi, hadi nikapata leseni yangu. Rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa Lanseria, karibu na Johannesburg, ndiye aliyenieleza kwamba Maun kulikuwa na uhaba wa mafundi wanaozijua vizuri Cessna 206 na 210, ndege ndogo za injini moja. Leseni ilibidi ithibitishwe na mamlaka za Botswana, na kibali cha kazi kikachukua muda wake. Katika miezi hiyo ya kusubiri nilipanga nyumba moja na vijana marubani waliokuwa wakizunguka ofisi kwa ofisi kila asubuhi, shati jeupe limenyooshwa, vyeti mkononi, wakiomba kazi. Walitoka Afrika Kusini, Uingereza, New Zealand na Botswana yenyewe, na mmoja alitoka Nakuru. Wengi walikuwa na saa mia mbili na kitu tu za kuruka, na mashirika makubwa yasingewatazama hadi ziwe nyingi zaidi. Maun ilikuwa mahali pa kuzichuma saa hizo, hivi kwamba kijana alikubali mshahara wowote ili mradi ameketi kiti cha kushoto, kile cha rubani mkuu.

Wasomaji wasiojua biashara hii wazingatie hapo, kwa sababu shina la mambo mengi ni hilo. Kampuni iliyoniajiri kwanza ililipa marubani mshahara mdogo wa mwezi, na sehemu kubwa ya kipato chao ikatoka kwenye saa walizoruka. Aliyeruka sana alilipwa sana na pia akakaribia kuondoka kwenda kwenye ndege kubwa. Aliyekataa safari kwa sababu ya wingu, joto au mlio asiouelewa wa injini alijikata mwenyewe mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia rubani aruke kinyume cha dhamiri yake, na sikuwahi kusikia amri ya namna hiyo hata mara moja. Kilichotokea ni kwamba aliyekataa Jumatatu alikuta jina lake halimo kwenye ubao wa safari Jumanne na Jumatano. Hakuelezwa kitu. Salamu zilikuwa zile zile, chai ilikuwa ile ile, ila ubao ulikuwa na majina ya wengine, na kila aliyeupitia aliusoma akaelewa.

Kampuni hiyo ilikuwa pia na utaratibu wa kuwakata marubani fedha za uharibifu. Tairi likipasuka kwa breki kali, rubani alilipa. Propela ikipata pengo kwa changarawe, rubani alichangia. Mwenye kampuni aliamini kwamba adhabu hiyo ingewafanya vijana wawe waangalifu, na naamini alilisema hilo kwa moyo mmoja. Lakini viwanja vya kule ni vya mchanga na changarawe, kimoja kina mashimo ya ngiri, kingine tembo wamelala katikati yake hadi rubani apite chini mara mbili kuwafukuza. Hata rubani bora atapasua tairi siku moja. Adhabu ile iliwafunza kunyamaza.

Asubuhi moja nilikuwa nikiiosha pua ya 206 iliyotoka safari za jana yake, nikaona rangi imepasuka kwa mstari mwembamba kando ya ribiti, zile pini zinazounganisha mabati, chini, karibu na mahali mguu wa mbele unaposhikiliwa. Kidole kikipita juu yake kilihisi mwinuko mdogo. Nilifungua vifuniko vya injini nikaingiza tochi na kioo. Ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha rubani ulikuwa umejikunja upande wa chini, na ribiti mbili zilikuwa zimelegea. Anayezijua ndege hizo hahitaji kuelezwa: ndege ilitua ikatanguliza gurudumu la mbele, kwa nguvu, na ukuta ukabeba pigo. Nilifungua kitabu cha ndege. Kilikuwa safi. Marubani watatu walikuwa wameirusha wiki ile pamoja na abiria, na hakuna aliyeandika neno.

Usiku yule kijana wa Nakuru alikuja chumbani kwangu. "Kaka," aliniambia, "ile ndege ni mimi. Niligonga juzi, upepo ulinigeukia nikiwa karibu kugusa. Wakinikata ile pesa, mama yangu hatapata kitu mpaka mwaka uishe." Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Niliandika nilichokiona kwenye ndege, nikaiweka chini, na meneja aliponidai jina la aliyefanya hivyo nilimjibu kwamba ukuta umejikunja bila kujali jina la mtu, na kwamba kazi yangu ni ukuta. Hakupendezwa. Kwa siku kadhaa niliona jinsi abiria wa siku zile walivyokuwa wamebebwa na ndege ambayo mguu wake wa mbele ungeweza kuachia wakati wowote wa kutua, na kwamba kijana aliyeujua ukweli huo alikuwa ameketi mita chache kutoka kwangu wakati wa chakula cha mchana, akitetemeka kwa hofu ya makato ya mshahara. Msimu ulipokwisha niliaga nikahamia kampuni ya pili, iliyokuwa ng'ambo tu ya eneo lile la kuegesha ndege.

Huko fundi mkuu alikuwa mzee wa Kizimbabwe, mtu wa maneno machache, aliyevaa koti la kazi jeupe ambalo sijui alilifuaje katika vumbi lile. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu lililolala juu ya meza ya hanga, na kalamu imefungwa humo kwa uzi. Ndani yake kila anayekataa kuitoa ndege, awe fundi, rubani au hata kijana wa kujaza mafuta, aliandika tarehe, ndege na sababu. Kando yake mwenye kampuni aliweka saini siku hiyo hiyo. Saini yake haikumaanisha kwamba amekubali sababu. Ilimaanisha kwamba amesoma, na kwamba kuanzia hapo uamuzi huo ni wa kampuni wala si wa mtu. Marubani wa kampuni hiyo walilipwa mshahara kamili wa mwezi, na posho ya saa ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyeihesabu kabla ya kulala. Aliyetua vibaya aliandika, ndege ikakaguliwa, na hakuna aliyekatwa hata thebe, senti ya Botswana.

Nieleze jinsi daftari hilo lilivyofanya kazi. Kila baada ya saa 50 tulimwaga oili ya injini na kubadilisha filta. Katika mahanga mengi filta kuukuu hutupwa. Mzee yule alikataza. Kopo lake lilikatwa kwa kikatio, karatasi ya ndani iliyokunjwa marinda ikatolewa, ikabanwa kwenye jiliwa hadi oili itoke, kisha ikatandazwa juu ya kitambaa cheupe mlangoni penye jua. Hapo unainama na kuisoma. Chembe nyeusi zinazosagika kwa ukucha ni masizi, hazina neno. Zinazometa ndizo zinazotaka sumaku: zikiirukia ni chuma, na unaanza kufikiria kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, na tapeti zake, zikibaki palepale huenda ni aluminiamu, na fikira zinahamia kwenye pistoni. Mchanga wa Kalahari nao una mkono wake katika jambo hilo, kwa kuwa ni laini mno na chujio la hewa likiwa na mwanya hata mdogo, mchanga huingia kwenye silinda na kuzila ringi.

Agosti moja, msimu ukiwa umepamba moto, nilitandaza karatasi ya 206 iliyokuwa na safari mchana ule ule, na sumaku ikajaa. Nilimwita mzee. Alichukua chembe kidogo, akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia niandike. Mwenye kampuni alifika angali na vifaa vya masikioni shingoni, akatazama kitambaa, akauliza, "Rra (bwana kwa Kitswana), mna hakika?" Mzee akamjibu, "Hatuna hakika. Tungekuwa na hakika kwamba ni nzima ingetoka. Hatuna, ndiyo maana haitoki." Mwenye kampuni aliweka saini, akaingia ofisini, akaipigia simu kampuni jirani kuomba ndege ya kukodi kwa safari za mchana, jambo ambalo kampuni za Maun hufanyiana hata zikiwa zinagombea wateja wale wale. Injini ilipofunguliwa Johannesburg ilikutwa kemshafti imeliwa.

Lakini tukio lililonifanya nimwelewe mwenye kampuni huyo lilikuja msimu uliofuata. Niliizuia ndege nyingine kwa mtetemo ambao rubani aliueleza vizuri na mimi nilihisi nikiiwasha chini. Tulitafuta siku kadhaa. Tulipima mgandamizo wa silinda zote sita, tukafungua magneto zinazotoa cheche, tukaisawazisha upya propela, tukaagiza vipuri vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, na mwishowe hatukupata kitu cha kukinyoshea kidole. Mtetemo ulitoweka kama ulivyokuja. Kampuni ilipoteza fedha nyingi kwa ajili ya neno langu. Nilimngoja mwenyewe anitupie hata jicho. Alikuja, akasoma maelezo yote daftarini, akaweka saini, akaniuliza kama nimekula. Hakulitaja tena. Kuzuia ndege ambayo baadaye inakutwa na ubovu kila mtu atakupongeza. Mwenye kampuni hupimwa siku unapoizuia ndege ikakutwa nzima.

Joto la Oktoba lilikuwa mtihani wa marubani zaidi kuliko wa mafundi. Maun iko kama futi 3,100 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya delta haviko mbali sana na hapo. Ikifika nyuzi 38, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inafanya kazi kana kwamba iko juu ya futi 6,000. Injini ya 206 ya kawaida haina kisukuma hewa. Inavuta hewa iliyopo, na ikiwa nyepesi nguvu inapungua, propela nayo inashika kidogo, mabawa nayo yanahitaji mwendo zaidi kabla ya kuinua. Ndege hiyo ina viti sita, ila haina maana kwamba unaweza kujaza viti sita, mizigo na matangi kwa pamoja. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 1,633 hivi, na ukijumlisha watu wazima sita na mabegi yao, unakuta mafuta yamebakiziwa nafasi ndogo. Ndiyo sababu wageni wa Botswana huambiwa waje na begi laini lisilozidi kilo 20 au hata pungufu, na ndiyo sababu mizani ya ofisini kwetu ilikuwa kitu kinachoheshimiwa. Kulikuwa na wageni walioficha kamera na lenzi kwenye mifuko ya makoti ili mabegi yapite. Dada wa mipango aliwajua kwa kuwatazama tu wanavyotembea.

Rubani mmoja wa kike, Motswana, yaani mwenyeji wa Botswana, mdogo kuliko wote, alitumwa mchana wa Oktoba kuwachukua wageni watano kutoka kiwanja kifupi. Alipofika alipima joto, akatazama mchanga ulivyolainika, akafanya hesabu juu ya goti, kisha akawaambia wageni kwamba atawachukua kwa awamu mbili hadi kiwanja kirefu zaidi cha jirani, na huko ndiko watakakoungana. Mgeni mmoja alikuwa na ndege ya kuunganisha kwenda Johannesburg na akamtolea maneno makali. Yeye alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu "Ndiyo, rra," akafanya alivyosema. Mafuta yalitumika zaidi, mgeni akachelewa kweli. Mwenye kampuni aliposikia kwa redio alikwenda mwenyewe kuwapokea uwanjani, akasimama mbele ya yule mgeni, akampangia hoteli, akapokea hasira yote kabla rubani hajazima injini. Jioni binti aliandika daftarini mistari mitatu, saini ikawekwa. Sasa anarusha ndege za abiria wengi, na nikisikia habari zake hufurahi kama ndugu yake.

Kuhusu mafuta, mzee wa Kizimbabwe alikuwa na desturi ambayo wageni wa kazi waliiona ni ya kupita kiasi. Ndege za pistoni hutumia petroli ya ndege, ambayo imetiwa rangi ya bluu. Za tabaini, yaani injini za jamii ya jeti, hutumia Jet A1, ambayo haina rangi na inanuka mafuta ya taa. Kila ndege ilipojazwa, hata kama aliyejaza ni mtu wa miaka mingi, ilibidi mwingine achote kidogo kwenye chupa angavu, aitazame juani, ainuse, na adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka ikaondoka. Jet A1 huacha doa la mafuta linalobaki. Mapipa ya akiba ya vituo vya mbali yalilazwa ubavu, kwa sababu pipa lililosimamishwa hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko, na usiku likipoa linayanyonya ndani.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hasamehi hata siku za haraka. Akanieleza habari ya Francistown, mji wa mashariki mwa Botswana, ya tarehe 4 Aprili 1974. DC-4, ndege ya injini nne za pistoni, ya WENELA, lile shirika la kuajiri wachimbaji wa migodi ya Afrika Kusini, iliruka kutoka pale ikiwarudisha nyumbani Malawi vijana waliomaliza mikataba. Ilikuwa imejazwa mafuta yaliyochanganyika na ya tabaini. Injini zilikufa punde baada ya kuruka, na kati ya watu 84 waliokuwemo wakafa 78. Rais Banda akasimamisha uajiri wa Wamalawi kwenda migodini. Nilimsikiliza nikiwa nimeduwaa, maana mjomba wa mama yangu alikuwa mmoja wa vijana wa Rungwe walioajiriwa na WENELA wakati wa ukoloni, kabla Tanganyika huru haijaukataa mpango huo, na nyumbani jina hilo lilitajwa pamoja na masanduku ya mbao, mablanketi na wasioonekana tena. Sikujua kwamba kazi yangu ya kunusa chupa ingenirudisha kwake. Tangu siku ile sijawahi kumwona mtu akinusa mafuta nikamharakisha.

Oktoba 2011 Cessna Caravan moja, ndege ya tabaini kubwa kuliko 206, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Xakanaxa ikiwa na watu 12, na 8 kati yao wakafariki. Maun ni mji ambao kila mtu wa anga anamjua mwenzake. Jioni ile mafundi wa kampuni zote, hata wasiosalimiana, walikusanyika katika hanga moja bila kuitwa. Kesho yake wenye kampuni waliruhusu kila rubani asiyejisikia kuruka apumzike, na nilishangaa kuona kwamba hata kampuni yangu ya zamani ilifanya hivyo. Miezi michache baadaye nilisikia imeacha kuwakata marubani fedha za uharibifu. Sikuwahi kupata nafasi ya kumwambia yule meneja kwamba nilimheshimu kwa hilo, na ningependa ajue.

Mambo yalibadilika kwa kasi baada ya hapo. Wenye kambi walitaka ndege kubwa zaidi, na Caravan, yenye injini ya tabaini inayostahimili joto na vumbi kuliko pistoni, ikachukua nafasi ya 206 katika safari nyingi. Januari 2014 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii, na kampuni zilizoishi kwa kubeba wawindaji zikapoteza wateja wao. Marufuku hiyo iliondolewa 2019, lakini baadhi ya ndege zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Mwaka huo huo wa 2014 delta ya Okavango iliandikwa kuwa eneo la 1,000 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni wanaokuja kupiga picha za wanyama wakazidi kuongezeka. Kisha Machi 2020 mipaka ikafungwa. Tulizipaka ndege mafuta ya kuhifadhi ndani ya silinda, tukatoa plagi na kuweka zile za plastiki zenye chembe za bluu zinazogeuka waridi zikinyonya unyevu, tukaziba kila tundu kwa sababu nyigu wa udongo hujenga ndani ya mirija ya kupimia mwendo kwa muda wa chakula cha mchana tu. Kila wiki nilipita nikitazama rangi ya plagi. Mwenye kampuni alipunguza mshahara wake kabla ya wetu, na alipoona haiwezekani tena alituita mmoja mmoja, akatueleza hesabu zote akiwa na karatasi mbele yake.

Nilirudi Arusha, na sasa nasimamia hanga la kampuni ndogo inayopeleka wageni Serengeti. Viwanja kama Seronera na Kogatende viko juu zaidi ya Maun, kwa hiyo hesabu za joto na uzito hazijanitupa mkono. Nilipoanza nilinunua daftari la jalada gumu. Vijana wa hanga waliliogopa mwanzoni, wakidhani ni kitabu cha makosa yao, na ilichukua muda kabla kijana wa mafuta hajaandika kwa mkono wake kwamba pipa moja limesimamishwa wima usiku kucha na kwamba haliamini. Mwenye kampuni alisoma, akaweka saini, mafuta yakamwagwa. Makato ya uharibifu kwa marubani ameyafuta. Lililobaki ni malipo ya saa. Marubani wetu bado wanategemea saa kwa sehemu kubwa ya kipato chao, na mwenyewe anasema biashara haijafikia kiwango cha kuwapa mshahara kamili katika miezi ya mvua, Aprili na Mei, wakati ndege zinalala. Simwoni kuwa mtu mbaya. Nimeziona hesabu zake. Nimemwomba dada wa mipango anitolee safari zote zilizokataliwa mwaka huu na gharama ya kila moja, ili kabla ya msimu wa Juni tukae naye mezani tukilinganisha gharama hizo na nyongeza ya mishahara anayoiogopa.